Nyama ya Mbegha na Uma wa Wana wa Eli: Ukuhani wa Kurithi katika Habari za Wakilindi

Kila zamu ya Habari za Wakilindi inapofika kwenye semina zetu, jibu huwa limeshapikwa. Kitabu hiki, tunaambiwa, ni hadithi ya watawala: ukoo wa wageni ulipanda milima ya Usambara, ukaitwaa nchi, kisha ukajitungia shujaa wa kuhalalisha kiti. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata alama zako, na wala sisemi ni uongo. Nasema tu kwamba jibu hili linakifunga kitabu mapema mno, kabla hakijasema jambo lake kubwa. Jambo hilo ni la ukuhani: mtu anapataje haki ya kusimama baina ya nchi na mvua yake, na je, haki hiyo mwanawe anaweza kuipokea kama anavyopokea shamba?

Nauliza nikiwa mtu wa Rangwi, kule kaskazini ya Lushoto, njia ya kwendea Mtae. Kwetu swali hili halijahamia maktaba. Mvua ikichelewa, parokiani inasomwa Misa ya kuombea mvua, msikitini inaombwa dua, na wazee wanatajiana kwa sauti ya chini: ukoo gani ulikuwa na kazi hiyo zamani, na nani sasa ameikalia kimya. Padre hana mtoto wa kumrithisha kazi yake. Mzee yule anaye, tena watatu, na mmoja yuko Dar es Salaam anauza simu. Basi watu wanabishana: kazi imekwenda na huyo wa Dar kwa kuwa ndiye mkubwa, au imebaki kwa mdogo aliyemhudumia baba?

Kwa wale ambao hawajakishika kitabu, niseme machache. Mtunzi ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu wa pwani, Mwislamu, aliyetumika kwa Semboja wa Mazinde na kuyaona mengi kwa macho yake. Alifariki mwaka 1912. Maandishi yake yalitoka kwa vipande katika mitambo ya Waanglikana wa Magila, na mwaka 1962 yakatolewa pamoja na East African Literature Bureau, mhariri akiwa J.W.T. Allen. Kwa hiyo tunacho kitabu cha Mwislamu, kilichochapwa na Wakristo, kinachoeleza watu waliokuwa na dini yao. Mhakiki anayetaka kujua dini ya nani inazungumza humo ana kazi ya kufanya.

Mbegha, mwenye hadithi, ni mtu wa Nguu. Alizaliwa akaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, na kigego kwa mila ya wakati ule hakuachwa akaishi. Wazazi wake wakamficha. Walipokufa, ndugu zake wakamnyima urithi na kumtwisha lawama za vifo na misiba ya ukoo. Akahama. Akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, wakawinda pamoja, na yule kijana akafa windoni kwa nguruwe. Mbegha akakimbia tena. Ndipo tunamkuta porini kandokando ya Usambara, yeye na mbwa wake na wenzake wachache, akiishi kwa nguruwe wa mwitu. Wenyeji wakauona moshi wake. Wakaja. Yeye akawapa nyama, wao wakampa vyakula vya shambani. Nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba yao akawapunguza, magonjwa akayatibu, ugomvi akaukata. Sifa zikatangulia mbele yake mpaka Vugha. Akiwa njiani kwenda huko akaua simba usiku, akapokelewa kwa jina la Simba, akapewa mke na wenyeji, akalala juu ya ngozi ya simba yule, na kwa mke huyo akazaliwa Bughe, aliyemrithi.

Hebu tuisome upya hadithi hii huku pembeni tukiwa tumefungua vitabu vya Torati. Hapa najua kuna mwenzangu atakayeruka: tumeanza tena! Wamisionari na maofisa wa kikoloni walitutafutia asili katika Israeli na Misri kila walipoona kitu kilichopangika, kana kwamba Mwafrika hawezi kukibuni mwenyewe. Nakubaliana naye kabisa. Sisemi Wakilindi walitoka Kanaani, wala hadithi moja imeinakili nyingine. Naviweka vitabu viwili mezani kwa sababu vyote viwili vinahangaika na tatizo lilelile, na kimoja kinanisaidia kuona kilichojificha katika kingine.

Katika Israeli ya kale kuhani hakuchaguliwa wala hakusomea. Alizaliwa. Uzao wa Haruni walikuwa makuhani, na Walawi wengine waliwasaidia. Kabila hili halikupewa eneo lake kama makabila mengine. Lilipewa miji 48 iliyotawanyika, na riziki yake ilitoka madhabahuni: sehemu ya mnyama, unga, mafuta, malimbuko. Kwa maneno mengine kuhani alikuwa mtu asiye na nchi anayelishwa na wenye nchi, naye kwa malipo yake akaifanya nchi ikalike. Ukilifikiria hilo, Mbegha na kifurushi chake cha nyama hayuko mbali. Yeye naye hana shamba. Yeye naye anakula vya wenye shamba. Tofauti ni upande nyama inakotokea: kwa Haruni watu wanaleta, kwa Mbegha yeye ndiye anayeleta.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wangu.

Tazama sheria ya Mambo ya Walawi sura ya 21. Mwana wa Haruni mwenye kilema, awe kipofu, kiwete au mwenye kasoro nyingine mwilini, asikaribie madhabahu. Lakini, na hapa ndipo sheria inapovutia, anaruhusiwa kula chakula kitakatifu. Damu inampa sahani, mwili unamnyima kazi. Sasa mlete kigego hapo. Kwa sheria ya Israeli kigego angeweza kukataliwa kazi. Kwa mila ya kwao hakustahili hata uhai. Na huyu ndiye hadithi inamweka awe baba wa ukoo wa wafalme wenye mvua! Hadithi ya kuhalalisha tu ingeweza kumpamba mwasisi wake kwa meno mazuri. Mtunzi, au wazee waliomsimulia, hawakumpamba. Wamekiacha kilema mlangoni ili kila mrithi apite mbele yake.

Kisha nenda Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2. Eli ni kuhani wa Shilo, amezeeka, na wanawe Hofni na Finehasi wanafanya kazi kwa haki ya kuzaliwa. Mtu akichemsha nyama ya sadaka, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu, anauzamisha chunguni, na chochote kilichonaswa ni cha kuhani. Wengine wanataka nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, na mtu akikawia wanatishia kunyang'anya. Adhabu inayotangazwa juu ya nyumba hiyo nayo ni ya tumbo: atakayesalia katika uzao wa Eli atakuja kusujudu aombe kipande cha mkate. Kitabu hakisemi ukoo haukuwa halali. Hofni na Finehasi walikuwa makuhani kweli, na ndiyo maana ya aibu yenyewe.

Ndiyo nasema Habari za Wakilindi nacho ni kitabu cha nyama. Kinaanza na anayeigawa. Vizazi vinapoteremka, wanaozaliwa na damu yake wanakuwa wa kupokea: ng'ombe, kodi, watumwa, wake. Kisambaa kina maneno mawili ambayo Steven Feierman ameyafafanua vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1990: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mwenye mvua anaweza yote mawili kwa nguvu ileile. Akiwa mmoja, ameshiba kodi na hana mpinzani, nchi inapona. Wakiwa wawili, nguvu kwa nguvu, mvua inakuwa silaha na njaa inaingia. Feierman huyohuyo, katika historia yake ya ufalme wa Wasambaa ya mwaka 1974, aliichambua safari ya Mbegha kutoka pori la nyama kwenda kwenye nchi ya wakulima, na sidhani kuna aliyeieleza vizuri zaidi. Langu ni kuongeza swali moja: safari hiyo aliifanya Mbegha. Bughe hakuifanya. Aliyezaliwa juu ya ngozi ya simba hakumuua simba. Urithi unahamisha ngozi, je, unahamisha na mkuki?

Israeli ilijaribu kulijibu swali hilo kwa daftari. Waliporudi kutoka Babeli, anasimulia Ezra katika sura ya 2, kuna koo zilizodai ukuhani zikatafuta majina yao katika orodha za nasaba na hazikuyaona. Zikatolewa. Na wakaambiwa nini? Wasile vitu vitakatifu sana mpaka atokee kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Kula, tena! Lakini daftari nalo lina mambo yake. Samweli, aliyelelewa Shilo na kuziba pengo la wana wa Eli, mwanzo wa kitabu chake ametajwa kuwa mtoto wa mtu wa milima ya Efraimu. Ukifika Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 6, huyohuyo amekwisha kuingizwa kwenye orodha ya Walawi. Sadoki, kuhani wa Daudi ambaye uzao wake ulishika ukuhani mkuu kwa karne nyingi, anajitokeza katika Samweli wa Pili kwa maelezo machache ambayo wataalamu wamebishana juu yake sana, na baadaye nasaba yake imenyooka mpaka kwa Haruni kama uzi. Mwenzake Abiathari, aliyetoka nyumba ya Eli, Sulemani alimfukuza kwa sababu za kisiasa kabisa. Kazi ilikuja kwanza, nasaba ikafuata kumtafuta mwenye kazi.

Abdallah bin Hemedi alikuwa na nafasi ya kufanya vivyo hivyo na hakuifanya kikamilifu. Sababu naiona katika hali yake. Sehemu za Torati zinazohusu ukuhani, wataalamu wengi wa Biblia tangu karne ya 19 wanasema, ziliandikwa na makuhani wenyewe. Habari za Wakilindi hazikuandikwa na Mkilindi. Ziliandikwa na karani wa pwani aliyekula chumvi yao, akawapenda na kuwaogopa, lakini hakuwa na sehemu katika urithi wao. Mtu wa namna hiyo husimulia fahari ya bwana wake na palepale akaacha mshono ukionekana. Nafikiri hapo ndipo wenzangu wa jibu la mtihani wanapomkosea: wanamsoma kama msemaji wa ikulu, hali yeye alikuwa barazani, sikio moja ndani na moja nje.

Neno lenyewe la kuhani linatuchezea. Watafsiri wa Biblia walilichukua lenye asili ya Kiarabu, ambako kahini ni mtabiri, mtu wa kuagua mambo ya ghaibu, na ambako Uislamu ulimweka upande wa ujinga wa kale. Kwa Kiebrania neno la mzizi huohuo ni mtumishi halali wa hekalu. Mkatoliki wa Rangwi anasema padre kwa wa parokia na kuhani kwa wa Biblia, mganga kwa mzee wa mvua, na hivyo kazi tatu zimewekewa kuta ambazo Mbegha asingezielewa. Abdallah mwenyewe anamwita mganga bila kuona haya.

Sasa nije kwenye dai langu. Wakilindi wamemsoma Mbegha kama Haruni, baba wa nasaba. Lakini kitabu kimemchora kama Melkizedeki. Katika Mwanzo 14 Melkizedeki anamtokea Abramu ghafla, mfalme na kuhani kwa pamoja, ameshika mkate na divai. Hatajiwi baba, hatajiwi mama, wala hatajiwi mtoto. Anatoa chakula, anabariki, anaondoka. Waraka kwa Waebrania, ambao kule kwetu husomwa Misani bila watu wengi kuuzingatia, unajenga hoja nzima juu ya kimya hicho: upo ukuhani usiotegemea uzao wa Lawi. Na Mbegha je? Wazazi wamekufa, ndugu wamemkana, kwao hakurudiki. Ni mfalme na mganga kwa pamoja, jambo ambalo Israeli ya baadaye ililitenga kwa ukali hata Mfalme Uzia akapigwa ukoma kwa kufukiza uvumba hekaluni. Mbegha anaingia akiwa na chakula mkononi. Tofauti moja tu na ni kubwa: Melkizedeki hakuzaa, Mbegha alizaa, tena alizaa sana, na kila mwana akapewa mahali pa kutawala.

Hapo ndipo kitabu kinapoanza kuchosha, niseme ukweli. Sehemu za katikati ni majina juu ya majina, fulani mwana wa fulani alikwenda mahali fulani. Niliwahi kudhani ni udhaifu wa fani. Kwa hoja niliyoieleza, naona hata uchovu huo una kazi: chakula kimetoweka kwenye hadithi, imebaki nasaba.

Na nasaba inapasuka. Kimweri ye Nyumbai, mkubwa kuliko wote, alifariki mwaka 1862, na kiti kikaenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde chini tambarare, penye njia ya misafara, na kwa hiyo penye bunduki na baruti. Damu yake ilikuwa safi kama ya yeyote. Akampiga Shekulwavu, Vugha ikaanguka, na badala ya kukaa Vugha mwenyewe akamweka huko mwanawe Kimweri Maguvumali, akiwa bado mdogo, yeye akabaki na misafara yake. Ona alivyovitenga viti viwili: cha mvua akampa mtoto mlimani, cha bunduki akakalia mwenyewe. Kule Bonde watu wakainuka dhidi ya Wakilindi katika vuguvugu la Kiva, wakawafukuza na wengine kuwauza utumwani. Abdallah anayasimulia haya kwa kasi na woga wa mtu aliyekuwapo, na kwa maoni yangu ndizo kurasa bora za kitabu, bora hata kuliko za Mbegha zinazopendwa na kila mtu. Aliyegawa nyama amezaa wanaowindwa.

Atakuja mtu wa sayansi aseme damu si hadithi, inapimika. Ni kweli, mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanaume wengi wa Kiyahudi wanaojitambua kuwa makuhani wana alama za kufanana katika kromosomu Y, na mwaka 2000 alama hizo zikaripotiwa katika ukoo wa Buba wa Walemba wa kusini mwa Afrika. Tafiti za baadaye zimeonyesha mistari zaidi ya mmoja ya uzao. Nashangilia sayansi. Lakini hekalu lilibomolewa mwaka 70, na tangu hapo kuhani wa Kiyahudi amebakiwa na baraka ya kutamka, heshima ya kuitwa wa kwanza kwenye usomaji wa Torati, na miiko ya ndoa na maiti. Uongozi ulihamia kwa marabi, na urabi unasomewa. Hata jirani zetu Waabayudaya wa Mbale, Uganda, ambao dini yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 bila babu yeyote wa Kilawi, wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyewekwa rasmi mwaka 2008 baada ya masomo. Kipimo cha maabara kinaweza kukuambia babu yako ni nani. Kama alikuwa mgawaji au mwenye uma, hakiambii.

Serikali yetu iliondoa madaraka ya machifu mwaka 1963. Mishahara, mabaraza na vyeo vilikwenda. Juu ya mvua sheria haikuwa na kifungu, na ndiyo maana wazee wa Rangwi bado wanabishana juu ya kijana wa simu na mdogo wake. Nimewasikiliza, na hoja zao sizioni tofauti na za Ezra: mmoja anataka majina ya mababu yatajwe kwa mpangilio, mwingine anauliza ni nani aliyewalisha watu mwaka wa njaa.

Pana upande mmoja ambao kitabu kimeuacha gizani, nami sikuweza kuutoa huko. Mke wa Vugha alitolewa na wenyeji, na kwa tumbo lake mgeni akapata mtoto mwenye wajomba mlimani. Bila wajomba hao sioni Bughe angepokelewaje. Torati inamchunguza mke wa kuhani kwa makini mno, asiwe mjane kwa kuhani mkuu, asiwe aliyeachwa kwa kuhani yeyote. Abdallah anampitisha huyu wa kwetu kama mtu anayepitisha sahani mezani. Urithi wa Wakilindi huenda uliingia nchini kupitia kwake kuliko kupitia kwa simba, na atakayeandika tasnifu juu ya hilo aanzie kwa akina mama wa Vugha na Bumbuli kabla ya kufungua toleo la 1962.